SOMO LA UFUGAJI: DAMU YA NDAMA YATUAMBIA NINI?

Juma lililopita tulimwacha ndama wetu amezaliwa, amelambwa, amesimama. Leo tuitazame damu yake.

Mtoto wa binadamu hupata kinga ya maradhi angali tumboni mwa mama yake. Ndama sivyo. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga hiyo, basi yeye huipata katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Na utumbo wake huipokea kwa muda mfupi tu: kila saa ipitayo mlango huzidi kufungwa, na baada ya saa 24 hivi umekwisha fungwa.

Sasa, aliyeshiba dang'a na aliyeikosa, siku ya pili wote wawili hurukaruka. Macho hayatoshi. Kwa hiyo bwana mifugo humtoa ndama damu kidogo katika mshipa wa shingo, akiwa na umri wa siku moja hadi saba. Damu huachwa igande, yakajitenga maji ya manjano. Tone lake hutiwa katika chombo cha mkononi kiitwacho rifraktomita, ambacho huonyesha kiasi cha protini. Kinga yenyewe ni protini. Ikiwa nyingi, dang'a iliingia.

Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walitangaza viwango hivi: gramu 6.2 au zaidi kwa desilita ni bora sana; 5.8 hadi 6.1 ni vizuri, 5.1 hadi 5.7 ni wastani. Chini ya 5.1 ni vibaya. Lakini angalieni: ndama anayehara hukaukiwa maji, na kipimo chake hudanganya kwa kupanda juu.

Mtauliza, "Wangu akipata 4.6, nimpe dang'a sasa?" Kinga haitaingia tena katika damu. Huyo atunzwe pahali safi, pakavu, mkichunga kuhara na homa ya mapafu. Kwa maoni yangu kipimo hicho humhoji mchungaji kuliko ndama. Alizaliwa saa ngapi? Alinyweshwa saa ngapi, na kiasi gani? Ndama wa kilo 35 yampasa lita 3 na nusu, ikiwezekana kabla ya saa mbili kupita tangu kuzaliwa, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha.

Basi wekeni daftari zizini, mwandike saa hizo. Bwana mifugo atazitaka. Juma lijalo: namna ya kumnywesha ndama asiyeweza kunyonya.