Wachunguzi wa ushindani hupataje siri za kampuni?

Jina Al Nahda lina mitaa miwili inayopakana: mmoja uko Dubai, mwingine Sharjah. Mfanyabiashara anayevuka kutoka mmoja kwenda mwingine huwa amebadili ufalme, lakini hajabadili sheria ya ushindani. Sheria ya shirikisho nambari 36 ya mwaka 2023 inahusu Falme zote za Kiarabu, na wanaokubaliana kupanga bei wanaweza kutozwa faini ya kati ya dirham 100,000 na asilimia 10 ya mauzo yao ya mwaka.

Je, makubaliano ya siri hugunduliwaje, ilhali wahusika ni nadra kuyaandika?

Barua kwanza

Kwa kawaida uchunguzi huanza kwa barua. Hutaja suala linalochunguzwa, nyaraka zinazotakiwa na siku ya mwisho ya kujibu. Ankara, orodha za bei, kumbukumbu za vikao na barua pepe huweza kuonyesha kwamba washindani walipandisha bei kwa pamoja.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2010 inairuhusu Mamlaka ya Ushindani kudai taarifa kwa maandishi, kumwita shahidi, na hata kuingia katika majengo kufanya upekuzi. Mwezi Agosti 2023, mamlaka hiyo ilitangaza faini ya takriban shilingi milioni 338.8 dhidi ya watengenezaji tisa wa chuma kwa kupanga bei. Mzigo wa bei kama hizo humwangukia anayejenga nyumba.

Haki na wajibu

Kampuni inaweza kuomba siri zake za kibiashara zisifichuliwe kwa washindani. Hata hivyo, kudanganya kuna gharama: mwaka 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Facebook euro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha ilipoinunua WhatsApp.

Sheria ya Kenya inagusa pia baadhi ya vitendo vilivyofanyika ng'ambo, kama vile vya anayeuza bidhaa nchini Kenya. Hivyo muuzaji aliyeko Al Nahda anaweza kuulizwa maswali kutoka Nairobi. Lakini maafisa wa Kenya hawana mamlaka ya kupekua ofisi yake Dubai. Hapo hutegemea ushirikiano wa serikali mbili.

Kwa hiyo anayepokea barua ya aina hiyo ni heri amwone wakili mapema na kuzihifadhi nyaraka zake zote. Kuzichoma kunaweza kuwa kosa jingine.