Peremende: Utamu Wenye Safari Ndefu

Juma lililopita nilikuwa Bwera, nimejibanza dukani nikingoja mvua ikatike. Mtoto wa askari mmoja, mwenye umri wa miaka saba hivi, aliingia ameikaza mkononi sarafu ya shilingi 100. Akanunua peremende moja, akaifungua polepole, akaitia kinywani, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nani alitengeneza peremende ya kwanza?" Watoto wa hapo bado huniita Mwalimu, ijapokuwa siku hizi kazi yangu ni ya ofisini. Nilicheka, lakini jawabu sikuwa nalo. Nilipofika nyumbani Kasese nilifunua vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata, ndugu wasomaji.

Tuanze na majina. Wako wasemao pipi na wako wasemao peremende. Peremende ni mtoto wa jina la Kiingereza la mnanaa, jani linukialo vizuri na kupoza kinywa. Neno sukari tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi. Huko maana yake ilikuwa changarawe! Mama anayechota sukari kwa kijiko anachota, kwa maana ya jina, vijiwe vidogo.

Habari za sukari zilifika Ulaya kwa kinywa cha askari. Karne ya nne kabla ya Kristo, Nearchus, jemadari wa merikebu za Alexander Mkuu, alisimulia kwamba Bara Hindi kuna matete yatoayo asali pasipo nyuki. Matete hayo ndiyo miwa, ile ile ambayo watoto wetu huitafuna njiani na kutupa makapi. Kwa karne nyingi baadaye sukari Ulaya ilikuwa ghali mno, ikauzwa na wauza dawa. Walivingirisha mbegu na mizizi michungu ndani ya sukari ili mgonjwa aweze kumeza. Basi peremende nyingi za kale zilikuwa dawa kabla hazijawa starehe.

Hapa Uganda, kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930. Wazee watakumbuka jinsi sukari ilivyoadimika baada ya mwaka 1972, hata chai ikanywewa bila utamu katika nyumba nyingi.

Wanajeshi nao wana sura yao katika hadithi hii. Kwa ajili ya Mwaka Mpya wa 1900, Malkia Victoria wa Uingereza aliwapelekea askari wake waliokuwa vitani Afrika Kusini mabati madogo ya chokoleti. Wengine hawakula; waliyahifadhi kama nishani. Mwaka 2021 bati moja lilipatikana Uingereza katika dari ya nyumba ya kale, na chokoleti ingalimo ndani!

Mwaka 1937 afisa wa jeshi la Marekani, Kapteni Paul Logan, aliiendea kampuni ya Hershey akitaka chokoleti ya kubebwa vitani. Masharti yake yalikuwa haya: iwe na uzito wa gramu 113 hivi, isiyeyuke katika joto, na ladha yake ipite kidogo tu ile ya kiazi cha kuchemsha. Kwa nini? Kwa sababu chokoleti tamu ingalikwisha njiani kabla shida haijafika. Aliyewahi kukaa na askari vijana na chakula cha akiba atamwelewa afisa huyo.

La kuchekesha ni hili: mashine ya kutengeneza ile sukari laini mfano wa pamba, ipendwayo na watoto penye sherehe, ilibuniwa Marekani mwaka 1897 na watu wawili, na mmoja wao alikuwa daktari wa meno. Wenye mzaha watasema alikuwa akijitafutia wagonjwa.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya vanila, zao ambalo wakulima wengi wa Kasese wanalifahamu. Asili yake ni Meksiko, na ua lake hufunguka kwa saa chache tu za siku moja. Vanila ilipopelekwa nchi za mbali ilimea na kuchanua, lakini haikuzaa, na wataalamu wakataabika. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alichukua kijiti, akainua utando ulio ndani ya ua, akakutanisha poleni kwa kidole gumba. Ua likazaa. Baada ya kupata uhuru aliitwa Edmond Albius, naye alikufa maskini mwaka 1880. Hata leo mkulima wa milima ya Rwenzori hutumia njia ya mtoto yule, ua baada ya ua, kisha hungoja miezi ipatayo tisa mpaka vitumba vikomae.

Kweli, ladha ya vanila katika peremende za bei nafuu aghalabu hutoka viwandani, si shambani. Vanila yetu huenda ng'ambo katika vyakula vya bei kubwa. Ndiyo maana wezi huinyemelea usiku, na wakulima hulala shambani kuilinda. Ndiyo maana pia Wizara ya Kilimo hutangaza tarehe ya kuvuna, kwani vanila changa haina harufu, nayo huharibu jina la nchi nzima sokoni. Askari anayemkamata mwizi wa vanila analinda karo ya mtoto wa mtu.

Nikirudi Bwera nitamjibu yule mtoto. Nitamwambia kwamba utamu wake ulipita kwa wakulima wa Bara Hindi, wauza dawa, askari, na mtoto mmoja mtumwa ambaye hakulipwa. Kisha nitamwambia akasukutue kinywa. Nanyi wazazi, siku ya mshahara kaangeni ufuta, uchanganyeni na asali, mfinyange vidonge. Watoto watafurahi, na fedha itabaki kwa mfuga nyuki jirani.