JASHO LA BONDIA NA MKOBA WA MWANDAAJI

Hakuna atakayekana kwamba mchezo wa ngumi wahitaji mwandaaji. Lazima awepo wa kukodi uwanja, kuuza tikiti na kuwakutanisha mabondia. Kazi hiyo ni halali, na aifanyaye astahili ujira wake. Lakini twauliza: nani atamkagua yule aushikaye mkoba?

Tumtazame Don King, Mmarekani Mweusi wa Cleveland, aliyeingia katika biashara hii baada ya kufungwa karibu miaka minne kwa kuua mtu. Tarehe 30 Oktoba, 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana mjini Kinshasa kwa jitihada zake, kila mmoja kwa dola milioni 5, na serikali ya Mobutu ikagharimia. Hatumnyimi sifa yake: Mtu Mweusi alishika kiti kilichozoea kukaliwa na Wazungu. Ila ubaguzi ukitolewa mlangoni, unyonyaji waweza kuingia dirishani.

Mwaka 1982 Ali mwenyewe alimshtaki King kwamba alimpunja zaidi ya dola milioni moja katika pambano lake na Larry Holmes la 1980. Afya ikiwa imekwisha kudhoofika, alipokea dola 50,000 taslimu, akaifuta kesi.

Mwaka 1986 Tim Witherspoon alimwangusha Frank Bruno huko Wembley, London, akautetea ubingwa wake. Mshindi aliambulia dola kama 90,000; mshindwa alipata karibu mara kumi ya hizo. Meneja wa Witherspoon, aliyepaswa kumpigania katika malipo, alikuwa Carl King, kijana aliyelelewa na mwandaaji huyo huyo! Ni mfanyakazi gani angekubali tajiri wake amchagulie katibu wa chama cha wafanyakazi?

Wahenga walinena, mchumia juani hulia kivulini. Katika ngumi, aliyekaa kivulini ndiye aliyekula.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria yenye jina la Ali. Ilimkataza mwandaaji kuwa na maslahi katika umeneja wa bondia, ikamwamuru amwonyeshe bondia fedha azipatazo kwa pambano lake. Kwa Ali na Witherspoon ilikuwa imechelewa.

Ndugu wafanyakazi, fundisho hilo halikomi ulingoni. Hatusemi mwandaaji afukuzwe. Twasema daftari lifunguliwe, na mwenye jasho alisome kabla hajatia sahihi.