Mechi ipo Kwaraa, mkwanja upo kwenye simu

BABATI. SIKU Simba au Yanga wanapokuja Babati, mji unaamka mapema kuliko siku ya mnada. Noah na mabasi kutoka Katesh, Dareda, Magugu na hata Kondoa zinamwaga watu tangu asubuhi, na barabara inayounganisha Arusha na Dodoma inageuka kuwa mto wa jezi nyekundu, au za njano na kijani, kutegemea nani kaja.

Shabiki wa siku hizi anaweza kutoka Katesh, akalipa nauli, akala wali wa Magugu kwa mama lishe, akanunua skafu, akaingia uwanjani, akabeti kona ngapi zitapigwa, akarudi kwao usiku bila kushika noti hata moja. Kila kitu kimemalizwa na simu. Kwa wafanyabiashara wa mji huu jambo hilo limeleta neema na kizaazaa kwa mkupuo mmoja. Kwa Fountain Gate, wenyeji wa Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, limeleta swali gumu zaidi: katika hela yote inayozunguka kwa sababu ya mechi yao, kiasi gani kinabaki Manyara?

Fountain Gate walihamia hapa msimu wa 2024/2025, baada ya kuachana na jina la Singida. Kabla ya hapo Babati ilikuwa inaonja tu soka kubwa. Fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB ya mwaka 2024 ilipangwa kupigwa Kwaraa, kisha ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar, ambako Juni 2 Yanga waliitoa jasho Azam na kubeba kombe kwa penalti. Kwa wenye nyumba za wageni wa Babati ile ilikuwa kama kunyang'anywa tonge mdomoni.

Ligi Kuu ndiyo iliyorudisha tonge. Februari 6, 2025 Simba walitua Kwaraa, wakabanwa 1-1, na Ladack Chasambi akajifunga akirudisha mpira kwa kipa wake, Moussa Camara. Kipande kile cha video kilisambaa nchi nzima watu wakiwa bado wanatafuta usafiri wa kurudi makwao. Miezi miwili baadaye wakaja Yanga, wakaondoka na ushindi wa mabao 4-0. Uwanjani wenyeji walivuna pointi moja kwa vigogo wawili. Nje ya uwanja hesabu ni ndefu kidogo.

WAKALA NDIYE KIUNGO

Kama siku ya mechi ingekuwa timu, basi wakala wa hela za simu ndiye angevaa jezi namba sita. Kila pasi inapita kwake.

Mtaji wa wakala umegawanyika mara mbili: floti iliyomo kwenye simu, na keshi iliyomo kwenye droo. Asubuhi ya mechi watu wanatoka vijijini na noti, wameuza mahindi au mbuzi, wanataka kuziweka kwenye simu ili wakate tiketi na wawe salama na vibaka. Kila anayeweka, floti ya wakala inapungua na droo inajaa. Ikifika saa sita mchana floti imekata, noti zipo za kumwaga, na foleni bado iko palepale.

Jioni mambo yanageuka. Mama lishe anataka keshi akanunue kuku wa kesho. Bodaboda anataka keshi ya mafuta. Aliyeshinda mkeka wake anataka keshi, tena kwa sauti. Sasa droo inakauka na floti inafurika. Wakala anayejua kazi yake anaongea na wenzake na wakala mkuu siku moja kabla, anajua mechi inaisha saa ngapi, anajua benki inafunga saa ngapi. Asiyejua anabandika kipande cha boksi mlangoni, kimeandikwa “HAKUNA FLOTI”, na kamisheni ya siku bora ya mwezi inaenda kwa jirani.

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 kama njia ya kutumiana hela. Leo ndizo kaunta za mji. Lipa Namba zimebandikwa kwenye vioo vya maduka, kwenye meza za chipsi, hadi kwenye tanki la bodaboda. Kwa mama lishe faida ya kwanza ilikuwa kuondokana na ugomvi wa chenji. Ya pili imekuja polepole: mikopo ya simu kama Songesha inamwezesha kuongeza mchele na mafuta siku moja kabla ya mechi, na akishahamishia mauzo kwenye laini yake, deni linajikata lenyewe. Siku watu wakijaa, analala amelipa. Mvua ikinyesha na watu wakabaki kwao, anaamka na sahani za wali uliolala na deni lililoanza kuongezeka makato. Simu haijui kama mechi ilikuwa na watu.

Muuza jezi naye amebadilishiwa maisha. Zamani alipanda basi hadi Kariakoo, akalala gesti siku mbili, akarudi na furushi. Sasa anatumiwa picha kwa WhatsApp, anachagua, analipa kwa simu, mzigo unapandishwa kwenye basi la usiku na asubuhi anaupokea stendi ya Babati. Ameokoa nauli na malazi. Amepoteza kitu kimoja tu, nacho si kidogo: kushika kitambaa kwa mkono kabla ya kulipa. Picha ya jezi halisi na picha ya jezi feki, kwenye kioo cha simu, ni mapacha.

KARATASI ILIVYOKUFA

Wazee wa soka wanaikumbuka tiketi ya karatasi. Kitabu kinatoka ofisini kimehesabiwa, kinarudi hesabu haieleweki. Jukwaa limetapika, mapato yanatangazwa ya watu wachache. Kulikuwa na tiketi feki, kulikuwa na mlango wa uani, kulikuwa na ile ya “huyu ni mtu wangu, mwache apite”. Klabu za mikoani ndizo ziliumia zaidi, kwa sababu mechi za kuingiza hela kwa msimu mzima ni mbili au tatu, na hizohizo ndizo zilizotafunwa.

Safari ya kutoka huko haikuwa nyepesi. CRDB walijaribu tiketi za elektroniki mwaka 2014, haikudumu. Selcom wakaja na mfumo wao Uwanja wa Taifa mwaka 2016. Sasa wimbo ni N-Card, kadi ya Kituo cha Taifa cha Data, ileile inayomvusha mtu Kigamboni kwa kivuko na kumwingiza stendi ya Magufuli. Shabiki anaweka hela, ananunua tiketi kwa simu au kwa wakala, anagusisha kadi mlangoni.

Faida yake kwa klabu ndogo ni kubwa kuliko inavyosemwa. Kila aliyeingia kwa kadi ameacha alama. Meneja wa klabu anaweza kujua idadi kabla kipindi cha pili hakijaanza, na mgao wa uwanja, chama cha mkoa na wageni unakatwa kwenye namba moja ambayo kila mtu anaiona. Mtu wa kati aliyekuwa akiishi kwa kitabu cha tiketi amekosa kazi, na hakuna wa kumlilia.

Lakini mlango wa umeme unataka mtandao, na mtandao wa simu unazidiwa watu wengi wanapokusanyika sehemu moja na kuanza kutuma picha. Unataka pia simu yenye chaji na mtu anayejua kuitumia. Mzee aliyetoka mbali na noti zake mkononi, akaambiwa dirishani hakuna anayeuza kwa keshi, anabaki kumtafuta kijana wa kumkatia. Kijana naye ana bei yake. Mlanguzi hajafa, amenunua simu.

KIBANDA UMIZA HAKITAKI KUFA

Pale ambapo mechi haiko Kwaraa, mji unahamia vibandani. Kibanda umiza ni biashara ya watu wenye mtaji mdogo na roho ngumu: king'amuzi, projekta au televisheni kubwa, spika, mabenchi, na betri ya kuokoa jahazi umeme ukikatika dakika ya 80. Wengi walitabiri kwamba simu ingeua vibanda, kwa kuwa mechi zote za Ligi Kuu sasa zinaonekana kiganjani kupitia programu ya Azam.

Haijatokea, na sababu ipo mfukoni. Dakika 90 za video zinakula bando ambalo kijana alipanga kulitumia wiki nzima. Kiingilio cha kibandani ni cha bei ya chai na andazi. Halafu kuna jambo lisilo na bei: bao la Mzize ukiliangalia peke yako chumbani, utamtambia nani?

Mwenye kibanda aliyesoma mchezo ameongeza mambo. Anatangaza ratiba kwenye status ya WhatsApp, anachaji simu za wateja kwa malipo, anauza vocha na soda, na wakala wa simu amekaa mlangoni kwake. Wateja wake nusu wameshika mkeka. Hapo ndipo sehemu kubwa ya mkwanja wa soka la Babati inapopotelea bila kuonekana.

Kampuni za kubeti hazihitaji duka Babati. Zinahitaji namba ya malipo tu. Kijana anaweka Sh1,000 akiwa kwenye benchi la kibanda, hela inaruka Dar es Salaam au nje ya nchi kabla mwamuzi hajapuliza kipenga. Hela ya wali inabaki mjini, inanunua mchele wa Magugu, inalipa ada ya shule ya Bonga. Hela ya mkeka uliochanika haijulikani hata ilipita njia gani. Sehemu yake inarudi kwenye soka kama udhamini, ni kweli, lakini udhamini mnono unatua kwenye vifua vya jezi za Simba na Yanga.

Vigogo hao ndio wamenufaika na simu kuliko wote. Zamani mwanachama wa Yanga alikuwa mtu wa tawi, mwenye kadi ya karatasi. Tangu klabu ilipoanza usajili wa kielektroniki mwaka 2022, mtu wa Babati anaweza kulipia uanachama wa Jangwani bila kuvuka daraja la Wami. Simba nao wana mfumo wao. Matokeo yake ni kwamba shabiki mmoja, anayekaa hatua chache kutoka Kwaraa, analipa ada Dar es Salaam, ananunua jezi ya Dar es Salaam, na siku Fountain Gate wanacheza na timu ya katikati ya msimamo anasema atasikiliza redioni.

Hela ya televisheni nayo haijali jukwaa limejaa au la. Mkataba wa Azam Media na TFF uliosainiwa Mei 2021 ni wa miaka 10 na thamani yake ni Sh225.6 bilioni, sawa na wastani wa zaidi ya Sh22 bilioni kwa mwaka. Kwa klabu isiyo na mtaji wa mashabiki, fungu hilo na udhamini wa NBC ndiyo mishahara. Bila kamera, Ligi Kuu isingefika Babati kabisa. Ila kamera ikishafika, kujaza jukwaa kunakuwa si suala la kufa na kupona, na timu inaweza kuhama mji kirahisi. Babati inaijua hadithi hiyo: timu waliyonayo ilitoka Singida.

HELA AMBAYO BABATI INAWEZA KUISHIKA

Kuna mfumo mmoja ambao hauonekani mlangoni wala kibandani, na huo ndio unaoweza kulipa mji mdogo kwa miaka. Novemba 2022 Fifa ilifungua chombo chake cha kukusanya na kugawa fidia za mafunzo, Fifa Clearing House. Kabla ya hapo mchezaji akiuzwa nje, klabu iliyomlea ilipaswa kupata habari yenyewe, kuandika barua na kudai. Klabu nyingi za Afrika hazikuwahi hata kujua kama zilikuwa na haki ya kudai.

Sasa mfumo unaangalia wenyewe. Mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada inatengwa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Kwa uhamisho wa Sh1 bilioni, kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 una thamani ya Sh2.5 milioni, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una Sh5 milioni. Kwa Kariakoo hiyo ni hela ya posho. Kwa timu ya mtaa wa Babati ni mipira, nauli na viatu vya misimu kadhaa.

Fountain Gate wanaielewa lugha hii. Mizizi yao ni shule na kituo cha kulea vipaji, na Aprili 2023 wasichana wa shule yao walibeba ubingwa wa Afrika wa shule mjini Durban. Kulea ndiyo biashara yao.

Shida ipo kwa wengine. Mfumo unasoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, na pasipoti inajazwa na usajili wa kila msimu, si na kumbukumbu za kocha. Mtoto anayekimbia peku karibu na Kwaraa saa 10 jioni, kama timu yake haijasajiliwa chamani na jina lake halijaingizwa, mbele ya kompyuta hajawahi kucheza mpira. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, au jina la shuleni likitofautiana na la cheti, kazi inakwama hapohapo.

Kumsajili hakuhitaji mtaji wa king'amuzi wala projekta. Kunahitaji cheti, picha, simu yenye bando na mtu wa kukaa chini kila msimu kujaza. Timu iliyomfundisha kijana tangu akiwa na miaka 12 lakini ikaja kumsajili akiwa na 15, siku akiuzwa Ulaya italipwa kuanzia 15.