Inveta Imezima Kabla Waranti Iishe? Wacha Screwdriver Kwanza!

Umenunua inveta ndio stima ikipotea kinyozi isifungwe na fridge ya juisi isianze kunuka. Miezi sita tu, pap! Harufu ya kuungua, kisha kimya. Kabla uikimbize kwa fundi wa mtaa, soma hii, juu hatua ya kwanza ndio huamua kama utalipwa ama utakula hasara.

Mbona inakufa mapema?

Mara mingi hakuharibiki kitu yote, ni kipande kimoja. Mshukiwa wa kwanza ni kapasita, vile vimikebe vimesimama kwa bodi. Ndani kuna majimaji, na joto huyakausha pole pole. Mafundi wa elektroniki hutumia hesabu hii: joto likipanda digrii 10, maisha ya kapasita hupungua karibu nusu. Sasa imagine imefichwa nyuma ya kabati na feni imejaa vumbi.

Wa pili ni transista za nguvu, wenyewe huziita mosfeti. Hizi ndizo hukatakata umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde. Fridge ama pampu ikianza, huvuta nguvu mara kadhaa kuliko ile imeandikwa. Mosfeti moja ikishindwa, zingine hufuata.

Pia cheki waya. Inveta ya wati 1,000 ikipiga kazi full na betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampea 80. Waya nyembamba hapo ni jiko.

Usifungue!

Ukivunja ile stika ya waranti, muuzaji amepata sababu ya kukuruka, hata kama kipande kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Zima, chomoa betri, kisha panga ushahidi: risiti ama meseji ya M-Pesa, kadi ya waranti, picha ya modeli na serial namba, na picha ya vile imefungwa ukutani. Kama ilionyesha kodi ya hitilafu kabla kuzima, iandike.

Halafu andikia muuzaji na kampuni iliyoitengeneza, wote wawili. Usiseme tu "imekufa". Sema ulinunua lini, betri ni ya saizi gani, ilikuwa inabeba nini, na unataka nini: itengenezwe, ibadilishwe ama urudishiwe ganji. Wape tarehe ya kujibu. Ukipiga simu, fuatisha na meseji, juu maneno ya simu hupotea. Ukiiacha dukani, itisha karatasi iliyopigwa muhuri.

Wakikuzungusha je?

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa. Unaweza kupeleka malalamishi kwa Mamlaka ya Ushindani, CAK. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza kesi za hadi shilingi milioni 1. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Lakini kuwa mkweli. Kama ulifunga kifaa cha wati 1,500 kwa inveta ya 1,000, bodi iliyoungua itakuchomea picha. Ile imetumiwa fiti na bado ikafa, hiyo ni deni yao. Wadai bila aibu.