Fahamu: Msuli wa paja unaomtenganisha kunguru na kuku

Kunguru weusi wanaozagaa soko la samaki la Feri, Kivukoni, ni uzao wa ndege wa India walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Ukoo wao unatambulikaje?

Nani alianza?
Mwaka 1874 Mwingereza Alfred Henry Garrod aliwagawa ndege kwa kulinganisha misuli ya mapaja.

Alitazama nini?
Hasa msuli mwembamba uitwao ambiensi. Huanzia kwenye nyonga na kushuka upande wa ndani wa paja. Kano yake huvuka goti na kuungana na misuli inayokunja vidole. Kuku wanaouzwa Kariakoo wanao. Kunguru hana, sawa na shomoro na chiriku.

Je, kigezo hicho kinatosha?
Hapana. Baadhi ya kasuku wanao, wengine hawana, maana msuli unaweza kupotea katika koo mbalimbali, kila mmoja kivyake. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2008 uliwaweka kasuku kuwa ndugu wa karibu wa kundi la kunguru na shomoro.

Misuli ingali ushahidi wa thamani, lakini undugu wa ndege hauamuliwi kwa kiungo kimoja.