Asiye na Mke Amuulize Nani?

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua. Sina ugomvi na wahenga. Hata hivyo, kuna mgonjwa ambaye hafichi maradhi yake kwa kupenda, bali hufichishwa na maneno tuliyomwekea. Maradhi ninayoyakusudia ni saratani ya tezi dume, na mgonjwa mwenyewe ni mwanamume ampendaye mwanamume mwenzake.

Wakati wa likizo moja ya chuo nilikwenda nyumbani Suna, katika Kaunti ya Migori. Fundi cherehani mmoja, mtu wa rika la baba yangu, aliniomba nimsindikize hospitalini. Huyu ndiye aliyenishonea kaptura yangu ya kwanza ya shule. Lugha yake ni Dholuo na Kiswahili chake ni cha sokoni. Daktari naye alikuwa kijana mgeni katika sehemu zetu. Basi nikawa mkalimani. Nayasimulia haya kwa idhini ya mzee huyo, bila ya kumtaja jina wala kuitaja hospitali.

Daktari alieleza vizuri. Tezi dume, alisema, ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kadiri ya ndimu ndogo. Saratani ilikuwa imeanza kuvuka mipaka ya tezi hiyo. Kwa hiyo mzee angetibiwa kwa mionzi mjini Nairobi kwa majuma kadhaa, na kudungwa sindano za kuzima homoni za kiume, maana hizo ndizo zinazoirutubisha saratani hiyo. Madhara hakuyaficha: nguvu za kiume zingepungua au kutoweka, joto lingempanda ghafla kama mwanamke aliyekoma hedhi, mkojo ungemsumbua, na mionzi ingeweza kuuchubua utumbo wa nyuma. Kisha akasema kwa upole, "Mzee, haya uyazungumze na mama nyumbani. Yeye ndiye atakayekusaidia kuyavumilia."

Nikatafsiri. Mzee akainamisha kichwa, akaniuliza kwa Dholuo, "Mwanangu, asiye na mke amuulize nani?"

Nilielewa alichokuwa akiuliza. Kwa zaidi ya miaka 20 ameishi na mwanamume mmoja ambaye majirani humwita mpangaji wake. Swali hilo sikulitafsiri. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilikosa neno la kulibebea, nikamwambia daktari kwamba mzee ameelewa. Tukatoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza neno nililolikosa lilikuwa lipi. Msomaji, hebu tuyatazame maneno tuliyo nayo. Kiswahili kina neno hanithi, lenye asili ya Kiarabu. Neno hili lina maana mbili: mwanamume asiye na nguvu za kiume, na mwanamume aingiliwaye na wanaume. Maana zote mbili hutumiwa kama tusi. Neno shoga nalo, ambalo wanawake wa pwani wameitana kwa upendo tangu zamani, tumeligeuza jiwe la kuwatupia wanaume hawa. Kwetu Suna, mwanamume mzima asiye na mke huitwa misumba, na katika Dholuo neno hilo hilo lina maana ya mtumwa.

Tafakari basi hali ya fundi wetu. Maisha yake yote amekwepa kuitwa hanithi kwa maana ya pili. Sasa tiba inayookoa uhai wake inamfanya astahili jina hilo kwa maana ya kwanza. Mwanamume mwenye mke akipatwa na madhara hayo huonewa huruma. Huyu akipatwa, neno moja humpiga mara mbili, na hana pa kulalamikia.

Tena si suala la hisia peke yake, kwani yapo maswali ya kitabibu yasiyoulizwa chumbani mle. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa Uingereza mwaka 2021 unamshauri mwanamume aingiliwaye ajizuie kwa juma moja kabla ya kupimwa damu ya tezi dume, majibu yasije yakapotosha. Baada ya upasuaji wa kuitoa tezi hiyo asubiri majuma 6, na baada ya mionzi ya kutoka nje ya mwili, miezi 2 hivi, ili utumbo uliochubuka upone. Fauka ya hayo, kwa baadhi ya wanaume hawa tezi yenyewe ni chemchemi ya ladha ya tendo la ndoa, na kuipoteza ni msiba wasioweza kuusimulia. Zipo dawa za kusaidia nguvu za kiume, na yapo mazoezi ya misuli ya nyonga ya kuzuia mkojo. Lakini daktari atawezaje kumshauri mtu juu ya maisha asiyoyajua?

Hapana shaka kuna atakayenikumbusha sheria. Naijua. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tuliyorithi kwa Waingereza, kinatishia kifungo cha miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Lakini sheria hiyo huadhibu tendo; haimkatazi mgonjwa kusema na tabibu wake. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kiwezekanacho. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inalinda siri ya mgonjwa. Kila mtu ni kila mtu, fundi cherehani wa Suna akiwemo.

Kuna pia atakayesema kwamba mambo haya hayasemeki barani mwetu. La hasha! Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997, akaitangaza, na hadi kufa kwake mwaka 2021 hakuacha kuwatetea wanaume na wanawake wa namna hii. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001, na dunia nzima ikaambiwa. Wazee hao hawakupungukiwa na heshima hata kidogo.

Hatimaye neno nimelipata, na lilikuwa mdomoni mwangu siku zote: mwenzi. Kiswahili hakibagui mume na mke katika neno hili, wala hakibagui tunaposema "anakuja" au "amelala". Dholuo ni vivyo hivyo. Lugha zetu zimetupa mlango ulio wazi, nasi twang'ang'ania kupita dirishani. Daktari akiuliza, "Mwenzako ni nani nyumbani?" badala ya "Mama yuko wapi?" hajavunja sheria yoyote wala hajamvunjia mtu heshima. Mwenye mke atamtaja mkewe, mjane atasema ni mjane, na fundi wetu atapata pa kuanzia.

Asiniambie mtu kwamba mazoea ya lugha hayabadiliki. Mababu wa Wasuna walisema lugha ya Kibantu, jamaa ya Kisuba. Wajukuu wao leo wanasema Dholuo. Ikiwa watu wazima na watoto wao waliweza kubadili lugha nzima, zahanati haishindwi kubadili swali moja.

Kliniki iliyofuata nilimsindikiza tena. Safari hii nilisema, "Daktari, mzee ana mwenzake. Yuko nje chini ya mti, angependa aingie." Kijana yule alinitazama, akamtazama mzee, akavuta kiti cha tatu. "Aingie," akasema. Mpangaji akaingia na daftari la shule mkononi. Maswali yalikuwa yameandikwa kurasa mbili.